Fujo za Mpira Amu: Polisi, Wasimamizi wa Mitaa, Adhabu kwa Timu, au Wazee?

Fujo kubwa kuliko zote nilizoshuhudia kwenye mpira hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hazikutokea uwanjani. Uwanjani ilirushwa kandambili moja tu. Ilikuwa nusu fainali, dakika za mwisho, mshika kibendera akapunga bendera, goli la wenyeji likakataliwa. Kutoka kwenye mchanga upande wa kulia ikaruka kandambili ya buluu ikamgonga begani. Akaiokota, akaitazama, akaiweka taratibu kando ya mstari kama mtu anayevua viatu mlangoni mwa msikiti. Watu wakacheka. Mpira ukaisha, na sisi wa kamati, mimi nikiwa mshika fedha, tukapeana mikono kwamba tumemaliza salama.

Tulichosahau ni maji. Wageni walikuja kwa boti mbili, na kwao bandari ni ya tope: maji yakipwa, boti haiingii. Nahodha akawaambia watulie hadi kiasi cha saa tatu usiku. Basi watu walioshinda, wenye ngoma na tarumbeta, wakakaa jetini wakiimba, na walioshindwa wakawa wanapita njia ya pwani wakirudi makwao. Zilianza nyimbo, zikafuata nyimbo za mafumbo, kisha matusi ya wazi, kisha kasia. Vijana wawili walishonwa nyuzi usiku ule. Mzee mmoja aliyeingia kuamua alijikuta majini na simu yake mkononi.

Kila baraza niliyokaa baada ya hapo ilikuwa na dawa yake. Wengine walitaka polisi. Wengine wakasema tuwape vijana wenyewe kazi ya kulinda. Wako waliotaka timu ifungiwe msimu mzima, na wako waliosema wakosaji wanajulikana kwa majina, waitwe mbele ya wazee. Nimeendesha mashindano ya mtaa kwa njia zote hizo nne, nyingine vizuri na nyingine vibaya. Ukiwa kwenye kamati na unasitasita, huu hapa ulinganisho wangu.

## Vipimo ninavyotumia

Cha kwanza ni gharama, na siyo ya fedha pekee. Kuna gharama ya muda, ya barua, ya kuombana, na ya kudaiwa fadhila baadaye.

Cha pili: njia hiyo inazuia moto au inauzima? Zote mbili zina kazi, ila usinunue ndoo ukidhani umenunua paa.

Cha tatu ni haki. Inamgusa aliyerusha kandambili, au inawagusa pamoja naye watoto mia waliokuja kutazama mpira?

Cha nne ni madhara yake yenyewe. Katika historia ya soka, watu wengi sana wamekufa kwa dawa, si kwa ugonjwa.

Cha tano nilikiongeza baada ya usiku ule: inafika jetini? Maana yake, nguvu yake inaendelea baada ya kipenga cha mwisho, njiani, kwenye boti, kwenye kundi la WhatsApp la usiku, hadi siku ya pili sokoni? Ukiwa Malindi, badala ya jeti weka stendi ya matatu. Mambo ni yale yale.

## Njia ya kwanza: polisi

Gharama. Kwenye karatasi ni barua moja kwa mkuu wa kituo na nakala kwa chifu, ikitaja tarehe, saa, timu na idadi ya watu mnaowatarajia. Gharama ya kweli ni kuiandika mapema. Barua inayofika Ijumaa asubuhi kwa mechi ya Ijumaa jioni ni kama tangazo la msiba: watakuja mkishazika. Na kumbukeni kwamba askari hao hao ndio wanaolinda mji mzima, katika kaunti yenye mambo mazito kuliko penalti.

Kuzuia au kuzima. Kuzima zaidi. Askari wawili wakisimama mahali wanapoonekana joto hushuka, hilo silikatai. Lakini askari hamjui nani ana kinyongo na nani. Kwake wote ni vijana wenye jezi. Tena karandinga haipiti kwenye vichochoro vya Amu. Nguvu ya ziada ikihitajika, itakuja kwa miguu au kwa boti.

Haki. Hii ndiyo njia pekee yenye mamlaka ya kumkamata mtu na kumfikisha mahakamani. Kupigana hadharani na kuharibu mali ni makosa ya jinai, na kamati haina ubavu wa kuyafanya yasiwe. Udhaifu ni kwamba anayekamatwa mara nyingi ni yule asiyejua kukimbia.

Madhara. Hapa naomba usome polepole. Tarehe 9 Mei 2001, kwenye uwanja mmoja wa Accra, mashabiki walianza kung'oa viti na kuvirusha. Polisi wakajibu kwa vitoza machozi, watu wakakimbilia milango iliyofungwa, wakafa 126. Tarehe 1 Oktoba 2022 ikawa Malang, Indonesia: mashabiki walishuka uwanjani baada ya kufungwa nyumbani, gesi ikarushwa hadi majukwaani, wakafa 135. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanyia watu kwenye mechi, na zilikuwa zinakataza hata siku ile ya Malang. Utasema uwanja wetu hauna ukuta, watu watatawanyika. Ni kweli, ila upepo wa kusi ukivuma jioni, gesi hiyo inaingia madirishani kwa watu wasiojua hata nani anacheza.

Inafika jetini? Inafika, mkiiomba ifike. Hapa ndipo polisi wanapozipita njia nyingine. Msimu uliofuata barua yetu haikuomba askari wa uwanjani. Iliomba wawili wa njia ya pwani, kuanzia saa kumi na moja mpaka boti ya mwisho ing'oe nanga. Walikuja, wakanunua kahawa, wakaketi. Hakuna aliyeimba mafumbo mbele yao.

Inafaa nani. Fainali yenye watu wengi, mechi yenye historia ya silaha, au mashindano yaliyoletwa na mwanasiasa.

## Njia ya pili: wasimamizi kutoka mitaani

Gharama. Vizibao vya kung'aa kama vya bodaboda, kamba ndefu ya kuzungushia uwanja, maji ya kunywa na chakula cha jioni. Kamba peke yake ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla hatujawa nayo, watazamaji walikuwa wanausogelea mstari kidogo kidogo, hadi mpiga kona akawa hana pa kurudi nyuma. Shabiki aliye hatua moja kutoka kwa mshika kibendera hahitaji hasira nyingi kumfikia. Mwenye kuvuka kamba kwanza ainame, na katika kuinama huko wengi hupata akili.

Kuzuia au kuzima. Kuzuia, ikiwa wamefundishwa jambo moja: uso kwa watu, mgongo kwa mpira. Hili ni gumu kuliko unavyodhani. Msimu wa kwanza tulichukua vijana kumi na wawili, wote wachezaji wa akiba na wapenzi wa soka. Ikapigwa penalti, nikageuka kuwatazama: vizibao kumi na viwili vimeelekea golini, na mmoja amekwisha kuvuka kamba akishangilia. Msimamizi mzuri ni yule asiyejali nani atashinda. Walimu wa madrasa wanafaa. Wavuvi watu wazima wanafaa. Na wanawake wanafaa kuliko wote, jambo ambalo kamati zetu za wanaume huchelewa kulikubali.

Kuna mama mmoja anayeuza viazi vya karai na achari nyuma ya goli la kaskazini. Hatukumpa kizibao wala cheo. Siku moja kijana wa miaka kama kumi na minane alianza kumtukana refa matusi ya nguoni, mkono umeshika jiwe. Mama akaendelea kugeuza viazi vyake, akauliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: “Mwanangu, bibi yako ameamka salama leo?” Kijana akakaa. Jiwe akaliweka chini ya guu lake kama linalomwaibisha. Msimu uliofuata mama alipewa kizibao, akakikataa kwa kuwa kinanuka plastiki, lakini akakubali kazi.

Haki. Kubwa, kwa sababu msimamizi wa mtaa anamjua mtu kwa jina. Anamwondoa aliyerusha, haondoi jukwaa zima. Sharti ni kwamba wasimamizi watoke pande zote mbili za mechi, na kila mmoja akae na watu wake. Kumweka kijana wa mtaa huu awazuie wageni ni kumwaga mafuta ya taa.

Madhara. Hawana mamlaka ya polisi, na wakijisahau wakaanza kupiga, kamati itaitwa kituoni. Kuna pia undugu: asiyemwondoa binamu yake leo hatamwondoa mtu yeyote kesho, kwa kuwa watu wameona. Tuliwahi kumvua mtu kizibao katikati ya mechi kwa sababu hiyo. Ilikuwa aibu, na ilisaidia.

Inafika jetini? Mkiwapangia zamu. Bila zamu, kipenga kikilia wanavua vizibao na kwenda kuswali magharibi kama watu wengine, na jeti inabaki na wenyewe.

Inafaa nani. Ligi ya kila wiki, timu za mji mmoja au visiwa jirani, kamati isiyo na fedha lakini inayoheshimika.

## Njia ya tatu: adhabu kwa timu

Kukatwa pointi, faini, kufungiwa, au kucheza bila mashabiki. Watu wengi huitaka hii kwanza kwa kuwa inaandikika vizuri kwenye kanuni.

Gharama. Karibu bure, mradi kanuni ziandikwe na kutiwa saini na manahodha kabla ya mechi ya kwanza. Kanuni iliyotungwa baada ya fujo ni kisasi tu.

Kuzuia au kuzima. Inazuia kwa hofu. Mfano mkubwa kabisa ni uwanja wa Heysel, Brussels, tarehe 29 Mei 1985: watu 39 walikufa baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus kabla ya fainali, na vilabu vya Uingereza vikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, Liverpool ikakaa sita. Somo liliingia, lakini lilikwenda pamoja na sheria mpya na viwanja vipya. Adhabu haikuwa peke yake.

Haki. Hapa ndipo inaposhindwa. Wazee husema samaki mmoja akioza wameoza wote. Methali nzuri kwa muuza samaki, ila mchezaji aliyefanya mazoezi ufukweni miezi mitano hakurusha kandambili. Lipo toleo lenye busara kidogo. Mwaka 2011 Fenerbahçe ya Uturuki ilitakiwa kucheza bila watazamaji kwa sababu ya fujo za mashabiki wake. Wakubwa wa soka huko wakaamua badala yake waingie wanawake na watoto peke yao, bure, na siku ya mechi na Manisaspor wakajaa zaidi ya 41,000. Adhabu iliwagusa wanaume waliozoea kufanya fujo, na mpira haukuchezwa makaburini.

Madhara. Kwetu, kucheza bila mashabiki ni ndoto. Utafunga mlango gani? Uwanja hauna mlango, na watoto wako juu ya ukuta wa jirani tangu saa tisa. Hatari mbaya zaidi ni ujanja: shabiki wa timu pinzani huvaa jezi ya watu, akarusha jiwe, ili wenzake wapewe pointi. Nimeona mtu akishikwa na jezi mbili mwilini. Nusu ya faini pia huishia kuchangwa na wazazi.

Toleo ninalolipendelea ni amana. Kila timu inaweka kiasi kidogo kabla ya mashindano, na inarudishiwa chote ikimaliza bila kisa. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni inaongea kuliko faini inayokuja, na ghafla manahodha wanakuwa wasimamizi bila kizibao.

Inafika jetini? Ikiwa kanuni imesema hivyo wazi. Ya kwetu ilisema “uwanjani”, neno moja, na mtu mmoja aliyewahi kukaa mahakamani kusikiliza kesi akatushinda kwalo. Sasa inasema “tangu kuondoka nyumbani hadi kurudi nyumbani”.

Inafaa nani. Mashindano yenye zawadi kubwa, na timu ambayo viongozi wake wenyewe ndio wachochezi.

## Njia ya nne: kumfungia mtu, na kumrudisha kwa wazee

Gharama. Muda, na moyo. Kikao cha wazee si cha dakika kumi, na lazima mwenye nyuzi kichwani awe tayari kukaa chumba kimoja na aliyemshonesha.

Kuzuia au kuzima. Inazuia la mara ya pili. Uingereza mahakama humfungia mtu mechi kwa miaka 3 hadi 10, na timu ya taifa ikienda kucheza nje humlazimu kusalimisha pasipoti. Sisi hatuna amri kama hiyo kwenye kamati ya mtaa, ila tuna kitu ambacho London haina: kila mtu anajua mtoto yule ni wa nyumba ipi. Kufungiwa mpira hapa ni kukaa nyumbani Ijumaa jioni ukisikia kelele za goli, na mama yako anajua kwa nini hukutoka.

Wajerumani wameijaribu kwa sura nyingine. Tangu mradi wa Bremen wa mwaka 1981, wanao wafanyakazi wa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni kukaa na mashabiki wiki nzima, si siku ya mechi tu. Ukiondoa mshahara, ni kazi ya mzee wa baraza.

Haki. Kimaandishi hii inazishinda nyingine zote, kwani inamgusa mkosaji peke yake. Kwa vitendo hutegemea ukoo. Mwana wa mtu mkubwa huambiwa “utoto tu huo”, na mwana wa mpagazi hufungiwa msimu. Dawa tuliyoipata ni ndogo: muda wa kufungiwa unaandikwa kabla jina halijatajwa. Kurusha kitu, mechi tatu. Kuvamia uwanja, tano. Kumpiga refa, msimu. Wazee wanaamua kama alifanya, hawaamui ni wa nani.

Na anarudi kwa kazi. Aliyerusha ile kandambili ya buluu alipiga mistari ya chokaa wiki sita, akabeba nyavu, na mshika kibendera yule yule ndiye aliyekuwa anamkagua kama mistari imenyooka. Mara mbili alimrudishia arudie. Leo huyo kijana anashika kibendera mechi za watoto, na amegundua mwenyewe kwamba kuotea si jambo jepesi kuona.

Madhara. Suluhu inaweza kugeuka pazia. Mtu aliyejeruhi kwa kisu, aliyemdhalilisha msichana kwenye msongamano wa watazamaji, aliyemdhuru mtoto, huyo si wa chai na tende. Wa polisi huyo, na kamati inayomficha imekuwa mshirika wake. Jambo jingine: wengi wa wakosaji wetu hawajafika miaka 18. Picha zao zisitupwe kwenye kundi la WhatsApp la mashindano na alama nyekundu kichwani. Tulifanya hivyo mara moja, na mtoto akaacha shule kwa wiki mbili. Sitaki kukumbuka mazungumzo na baba yake.

Inafika jetini? Inafika polepole kuliko zote, lakini inakwenda mbali kuliko zote.

Inafaa nani. Mahali ambapo wakosaji ni wachache na wanajulikana. Kwa shabiki aliyetoka mbali, asiye na mzee hapa, haina meno.

## Na uzio je?

Kila mwaka yupo anayependekeza mabati kuzunguka uwanja na mlango mmoja wa tikiti. Sikuuweka kwenye orodha kwa sababu unanitisha. Vizimba vya watazamaji kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, viliwekwa uzio kwa hofu ya wahuni. Tarehe 15 Aprili 1989 polisi walifungua lango la nje ili kupunguza msongamano, umati ukaelekea vizimba vya kati vilivyokwisha kujaa, na uzio ule ukawa ukuta wa kubanwa. Waliokufa ni 97. Kwa miaka walilaumiwa mashabiki wenyewe, hadi baraza la uchunguzi wa vifo lilipowasafisha mwaka 2016. Na kwetu Kenya, tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards pale uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa kwa mkanyagano wakigombea kuingia. Mkitaka mlango, wekeni milango, kila upande, na mtu aliyepewa ruhusa ya kuifungua bila kusubiri mkubwa.

## Kabla ya kuchagua yoyote

Mambo mawili hayana gharama. Refa asitoke mtaa wowote kati ya inayocheza, na kabla ya mechi asimame na manahodha awakumbushe kwamba sheria za mchezo zinampa haki ya kusimamisha au kuvunja mpira.

La pili ni saa. Kwetu watu huswali alasiri ndipo waje, basi mpira huanza saa kumi. Dakika 90, mapumziko, nyongeza na penalti, unajikuta kwenye giza la magharibi na uamuzi ambao hakuna aliyeuona. Tumepunguza kila kipindi kuwa dakika 40. Saa kumi na moja na nusu tumemaliza, mwanga upo.

Wageni wa boti wapangie kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hapa hujaa kuelekea jioni, na kila siku husogea kama dakika 50. Wageni wanaingia na maji na kuondoka na maji. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, jioni yanapwa, na utawaweka watu jetini kama sisi tulivyowaweka. Kati ya nahodha wa timu na nahodha wa boti, wa pili ndiye wa kuulizwa kwanza.

## Kwa hali yako

Kama ni ligi ya vijana wa mji mmoja, mnaojuana hadi majina ya paka, anza na kamba na wasimamizi wa pande mbili, na kanuni ya kufungiwa mtu iliyoandikwa. Polisi wapewe taarifa tu.

Kama wageni wanavuka maji, ongeza zamu ya jetini, iwe ya wasimamizi au ya askari wawili, hadi boti ya mwisho. Wape wageni mahali pa kukaa penye chai ikiwa watasubiri. Mtu anayekunywa chai ya mwenyeji huona haya kumwimbia mafumbo.

Kama ni kombe la mheshimiwa, na kuelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 yatakuwa mengi, usilipokee bila barua ya polisi na amana ya timu. Zawadi kubwa huleta wachezaji wa kukodi na mashabiki wa kukodi, ambao hakuna bibi yao anayejulikana hapa. Fulana za chama zibaki nje ya kamba.

Kama ni timu moja ile ile kila msimu, na kocha wake ndiye anayewapungia mikono watu waingie uwanjani, adhabu ya timu ni halali. Anza na amana, kisha pointi. Kufungia kuwe mwisho.

Kama kamati yenyewe inashukiwa kupendelea, usiunde wasimamizi wala usiite wazee wako, kwa maana watu hawatawasikiliza. Omba kamati ya kisiwa kingine isimamie mechi hiyo, nanyi msimamie yao.

Kama kuna damu, kisu, au msichana aliyeguswa, piga simu kituoni kwanza. Kikao cha wazee kinaweza kufuata, hakitangulii.

Kama hamna hata shilingi, tafuteni kamba ya kuazima kwa mwenye jahazi, na muulizeni muuza viazi kama ana nafasi Ijumaa.

Sisi mechi yetu ya wageni ni Ijumaa ijayo, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yatakuwa yamejaa karibu saa kumi na mbili. Nimekwisha kuongea na nahodha. Anasema atawasha mashine saa kumi na mbili kasorobo, na atakayekuwa bado anaimba jetini atarudi kwao kwa kuogelea.